Kidole cha Mzee Mirzakarim

Siku ya nne baada ya maziko, Zamira, mhasibu wa shule ya chekechea, alikuja kutoa pole. Alikaa na wanawake wengine kwenye chumba cha mbele, akalia kidogo, akapokea kipande cha mkate, akasikiliza kisomo mpaka mwisho. Alipoinuka alimwomba Hulkar, mkwe wa nyumba ile, amsindikize hadi langoni. Pale langoni, huku akijifunga skafu vizuri kwa sababu ya theluji, ndipo alipolisema lililomleta. Ankara ya magodoro haijafika. Kesho saa kumi alasiri hazina inafunga mwaka. Itakayofika saa kumi na dakika moja itahesabiwa haikufika, na pesa zitarudi zilikotoka.

Hulkar alijibu kwamba analijua hilo. Alisema pia kwamba mwenye kutia sahihi wamemzika Alhamisi, na dada Zamira mwenyewe alikuwapo.

"Nilikuwapo, mdogo wangu, Mungu amrehemu," alisema Zamira. Alitazama nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Mimi kwenye kompyuta yangu naangalia namba ya mkataba, naangalia idadi, naangalia kiasi. Jina la aliyetia sahihi liko chini kabisa, maandishi madogo. Macho yangu siku hizi hayaoni maandishi madogo."

Akambusu mashavu yote mawili, akaenda zake akikwepa barafu.

Hulkar alibaki ameshika komeo la lango. Nje, mumewe Ravshan alikuwa amesimama na majirani wawili, mkanda wa msiba kiunoni, kofia kichwani, akipokea pole za wanaume kama alivyofanya tangu Alhamisi. Hakuthubutu kumwita. Aliingia ndani akaanza kutafuta joho.

Nyumba hii ya mji wa Kosonsoy ilikuwa ikiishi kwa kushona magodoro na malihafu ya pamba ya kujifunikia. Marehemu Mzee Mirzakarim alikuwa ndiye mkuu wa kampuni ya familia, mkewe Sabohat na mwanawe Ravshan ni wanachama, na Hulkar, mke wa Ravshan, hakuwa kitu kwenye karatasi ingawa hesabu zote zilipita mikononi mwake. Mwezi wa kumi na mbili walikuwa wamepeleka chekechea magodoro madogo mia moja na arobaini pamoja na malihafu yake. Watoto walishaanza kuyalalia. Bei ilikuwa sum milioni sitini na tatu, na katika hizo, milioni arobaini na moja zilikuwa za mfanyabiashara wa pamba, ambaye aliandikiwa cherehani zote tano kuwa dhamana mpaka mwisho wa mwaka. Alikuja kuzika, mtu yule. Alipotoka makaburini alipitia kwenye chumba cha kushonea, akasimama mlangoni muda mrefu akizitazama cherehani, akaondoka.

Ankara ya karatasi siku hizi haina kazi. Muuzaji anaituma kwenye mtandao wa kodi, mnunuzi anaikubali, serikali inaona katikati, ndipo hazina inalipa. Na ili ankara iondoke inahitaji sahihi, na sahihi ya Mzee Mirzakarim ilikaa ndani ya flashi ndogo nyeusi. Mzee hakuiamini kabati wala droo. Sabohat alimshonea kifuko cha kitambaa ndani ya joho lake la pamba, upande wa moyo, na humo ndimo flashi ilimokaa. Kila Hulkar alipomaliza kuandika ankara alimwita. Mzee alikuja, akafungua joho, akaitoa, akakaa kwenye kigoda pembeni yake. Hulkar aliandika neno la siri, lakini kitufe cha mwisho hakukigusa hata siku moja. Mzee alisema bismillahi, akanyoosha kidole chake cha shahada chenye sugu ya sindano, akabonyeza mwenyewe. Halafu akasubiri taa iache kuwaka, akairudisha flashi mahali pake, akasema, "Haya, imekwenda."

Joho halikuwa kwenye msumari wake. Halikuwa kwenye sanduku wala juu ya jiko la mkaa wa mawe lilikokaushwa. Hulkar alipoacha kutafuta ndipo alipokumbuka. Alhamisi asubuhi, maji ya kuoshea yalipokuwa yakichemka uani, Sabohat mwenyewe alikusanya godoro la marehemu, viatu vyake, kofia yake na joho lake, akavifunga kwenye shuka. Waliokuja kumwosha walivichukua, kama ilivyo haki yao.

*

Jioni ile waliketi watatu, chai ikipoa. Ravshan aliposikia aliweka mikono kichwani. Sabohat, ambaye alikuwa kwenye eda na amevaa buluu, rangi ya msiba, tangu kichwani hadi miguuni, alisikiliza bila kuinua macho.

Hulkar alieleza polepole. Ufunguo, yaani ile flashi, uko kwa Hamdam, mwosha maiti wa mtaa wa chini. Kifo bado hakijaandikishwa, hati ya daktari iko kwenye kabati, kwa hiyo kwenye mtandao Baba bado yu hai na flashi yake bado inafanya kazi. Wakiipata kabla ya saa kumi kesho, ankara itaondoka.

Sabohat alisema kitu kilichokwenda na mwosha hakirudi. Kikirudi, kinarudi kumchukua mtu mwingine. Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayesema kwamba nje kuna baridi.

"Mama, ni flashi tu," alisema Ravshan. "Si nguo."

"Ilikuwa kifuani pake. Ni nguo."

Ravshan hakuwa na pa kusimamia. Miaka mitatu nyuma alifungua biashara ya ndara na rafiki yake, rafiki akapotea, na kodi ambayo haikulipwa ikabaki na jina la Ravshan. Tangu hapo mtandao ulilikataa jina lake. Mtu akimtaja kuwa mkuu wa kitu chochote, ulijibu kwa maandishi mekundu. Mama yake hakuwahi kumsema kwa hilo, na kutosemwa kulimuuma kuliko kusemwa.

Hulkar alitoka uani akampigia dada yake Gulzor, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Ala-Buka, na huko anaandika hesabu za muuza vitambaa. Alitaka tu kusikia sauti. Gulzor alimsikiliza, kisha akashangaa. Kwao huko, alisema, ankara nazo zinapita mtandaoni, ila tajiri wake alimwandikia ruhusa, anatia sahihi kwa jina lake mwenyewe hata tajiri akiwa amelala. Je, huko kwenu hakuna?

Ilikuwapo. Hulkar aliikumbuka vizuri siku ile kwenye ofisi ya huduma, walipokwenda wote kufanya upya ufunguo. Karani alimuuliza Mzee kama angependa kumwandika na mtu wa pili, huyu binti aliyeshika makaratasi labda. Mzee alicheka, akauliza kwani anakufa kesho. Lakini jibu hasa lilitoka kwa Sabohat, aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Alisema mke wa mwana leo yupo, kesho yuko kwa mama yake. Alilisema mbele ya foleni nzima. Hulkar alikunja makaratasi yake kana kwamba hakusikia.

"Ipo," alimwambia dada yake. "Hatukuichukua."

*

Asubuhi ya Jumanne alipita kichochoro cha nyuma, kile cha mfereji, ili asionekane. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwa Hamdam ila kwa sababu moja tu, na mtu akionekana akigonga pale, mtaa mzima huanza kuuliza ni nani tena amekufa. Watu walimsalimia Hamdam barabarani, walimpa heshima zake, ila chai yake hawakuinywa.

Mkewe Hosiyat ndiye aliyefungua. Uso wake ulibadilika, akauliza nani. Hulkar akasema hakuna mtu, wote wazima, amekuja kwa jambo jingine. Hosiyat alishusha pumzi, akamkaribisha ndani, chai iko tayari, mkate umetoka tanurini sasa hivi. Hulkar alishukuru, akasema ana haraka, atasimama hapo hapo. Hosiyat hakurudia kumkaribisha. Alionekana amezoea.

Hamdam alitoka na mikono yenye grisi, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza mabomba. Kabla Hulkar hajafungua mdomo, alirudi ndani, akaja na kifuko kile cha kitambaa, nyuzi zake zimekatwa vizuri kwa wembe.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Nilikiona siku ile ile. Nikasema hiki si cha kwangu, mimi nimepewa joho. Nikangoja. Kukileta mwenyewe niliona si vizuri. Mtu wa kazi yangu akibisha hodi kwenye nyumba yenye msiba, watu wanashtuka."

Hulkar alikipokea kwa mikono miwili. Alitaka kutoa noti alizokuja nazo, akaona jinsi mtu yule alivyomtazama mkono, akazirudisha mfukoni.

"Ndani mna nini, nikiuliza?"

Alimweleza kwa kifupi. Ni sahihi ya Baba. Kwenye mtandao wa kodi, hii ndiyo mkono wake.

Hamdam alifikiri. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mkono wake niliuosha mimi," alisema. "Wa kulia, mara tatu. Kidole hiki kilikuwa na sugu, haikulainika hata kwa maji ya moto. Nikakikunja pamoja na vingine, nikafunika. Hiyo karatasi yenu inaandika na siku?"

"Inaandika siku na saa na dakika."

"Itaandika ya leo."

"Ya leo, kaka Hamdam."

Hakumlaumu. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua, akamwombea njia njema. Hulkar alirudi kwa kichochoro kile kile, kifuko amekibana kwapani, na njia nzima alikiona kidole kile kikikunjwa.

*

Ilikuwa saa tano na nusu. Ravshan alikuwa amevua mkanda wa msiba na amewasha kompyuta kwenye chumba cha kushonea, katikati ya marobota ya pamba. Hulkar alipofika mlangoni alisita, akakumbuka maneno ya mama mkwe kuhusu kitu kilichokwenda na mwosha. Ravshan alimnyang'anya kifuko, akaitoa flashi, akaichomeka.

Taa iliwaka. Ankara ilikuwa tayari tangu wiki iliyopita, kila mstari mahali pake. Hulkar aliandika neno la siri. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, kisha likatokea dirisha dogo lenye jina refu la baba mkwe, jina lake, la baba yake na la ukoo, na chini yake neno moja, *Halali*.

Waliangalia wote wawili.

"Bonyeza," alisema Ravshan.

"Bonyeza wewe."

"Wewe ndiye unayejua mambo haya."

"Ya kuandika nayajua. Kubonyeza sijawahi, unajua sijawahi."

"Ni kitufe, Hulkar. Ni kitufe kimoja. Mwenye pamba anakuja keshokutwa na gari lake." Alikuwa akinong'ona kwa hasira. "Unataka nimwambie nini? Kwamba mke wangu ameona aibu?"

"Basi kibonyeze. Kiko hapo."

Ravshan alinyoosha mkono ukafika juu ya kitufe, ukarudi. Alikaa juu ya robota akaanza kulia bila sauti, mtu mzima wa miaka thelathini na nne ambaye kwa siku tano langoni hakuwa amedondosha chozi.

Hawakumsikia Sabohat akiingia. Alikuwa amesimama nyuma yao katika buluu yake, na hakuna ajuaye alisimama tangu lini. Alisogea mpaka kwenye skrini, akaliona jina la mumewe, akalisoma herufi kwa herufi kwa midomo.

"Siku zote alikuwa akibonyeza nani?" aliuliza.

"Baba," alisema Hulkar.

"Basi mwambieni abonyeze."

Ukurasa ulikaa mpaka ukajifunga wenyewe, kama unavyofanya ukiachwa, na jina likatoweka.

Sabohat aliuliza kuna njia gani nyingine. Hulkar akamwambia, ingawa hakuwa na matumaini nayo. Kuandikisha kifo leo. Kifo kikishaandikwa, flashi hii inakufa papo hapo, hakuna kurudi nyuma. Halafu wanachama waliobaki waende wenyewe kuchagua mkuu mpya. Halafu mkuu apigwe picha ya uso na apewe ufunguo. Halafu ndipo ankara. Yote katika ofisi moja, lakini foleni nne, na saa zimebaki nne na kidogo. Na mashine ya picha haitoki nje ya ofisi, kwa hiyo Mama mwenyewe atatakiwa kwenda.

Alilitamka la mwisho akitazama chini. Mjane wa siku tano. Mtaani kwao kulikuwa na wanawake ambao miezi minne na siku kumi hawakuvuka hata mfereji, na wakisifiwa, husifiwa kwa hilo.

Sabohat alichomoa flashi mwenyewe, kwa ncha za vidole, akaitia kwenye kifuko. Alisema eda haimkatazi mtu dharura ya mchana. Alisema pia kwamba watakaosema watasema. Kisha akamwambia Hulkar amletee koti zito na zile soksi za manyoya.

*

Walikwenda kwa miguu kwa sababu Sabohat alikataa kujificha ndani ya teksi. Walipopita kwenye duka la mikate, wanawake watatu waliacha kuongea. Mmoja alisalimia. Wawili walitazama buluu ile ikipita, wakatazamana.

Saa sita na dakika hamsini walichukua namba. Saa saba na nusu karani wa vizazi na vifo aliwaita, akapokea hati ya daktari, akaandika, akachapa, akagonga muhuri. Alikuwa binti mwenye mafua. Alisema kwa upole kwamba kuanzia sasa ufunguo wa marehemu nao umefungwa.

"Umefungwa vipi?" aliuliza Sabohat.

"Hauwezi tena kutia sahihi, bibi."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Sabohat, akaikunja hati mara nne.

Foleni ya pili ilikuwa ndefu. Mwisho wa mwaka kila mwenye duka alikuwa na kitu cha kufunga. Saa nane ikapita. Mtandao ukakwama robo saa nzima, makarani wakakunja mikono, watu wakaguna. Ravshan alitoka nje kuvuta sigara, akarudi, akatoka tena. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya manyoya aliuliza kwa sauti ya kusikika tangu lini wajane wa eda wanapanga foleni za kodi. Ravshan aliinuka. Sabohat alimvuta koti, akamkalisha kama mtoto.

Saa tisa kasoro dakika nane waliitwa. Karani wa kampuni alikuwa mama mwenye miwani, na Hulkar alimtambua. Ndiye yule yule wa siku ile ya kufanya upya ufunguo, miaka miwili nyuma. Aliomba vitambulisho, akawapa pole, akauliza mkuu mpya ni nani. Ravshan alisema ni mama yake. Hivyo ndivyo walivyokubaliana njiani.

Karani alimgeukia Sabohat. Alimuuliza kama anaweza kusoma skrini. Sabohat akasema anasoma Kurani, na gazeti kidogo. Karani akauliza nani basi atakayekuwa akiandika ankara.

"Huyu," alisema Sabohat, akimwonyesha Hulkar kwa kidevu.

"Na atakayebonyeza?"

"Huyu huyu."

Karani alivua miwani. "Bibi, ufunguo mpya ukiwa na uso wako na kidole ni cha mwingine, tumerudi kule kule. Kwa nini asiandikwe yeye?"

Ravshan alianza kueleza kwamba mkewe si mwanachama, kwamba mambo ya nyumbani, kwamba marehemu alipenda. Sabohat alimkata.

"Kwa sababu mimi nilikataa," alisema. "Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile pale. Mwandike."

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika tano. Hulkar alihisi masikio yanawaka. Hakuinua uso. Alisikia vidole vya karani vikigonga, akasikia jina lake likiulizwa, jina la baba yake, mwaka wa kuzaliwa. Sabohat aliitwa kwenye mashine kwanza ili akubali. Mashine haikumwona. Ilitaka ashushe skafu paji la uso lionekane. Foleni nzima ilikuwa nyuma yake. Aliishusha mpaka nywele za mvi zikatokea, akatazama kioo mpaka taa ya kijani ikawaka, akaivuta tena mahali pake kwa mkono uliotulia. Ravshan akafuata, na kwa kuwa alikuwa mwanachama tu, si mkuu, mashine ilimkubali. Mwisho Hulkar. Taa iliwaka mara moja.

Saa tisa na dakika thelathini na nne alikabidhiwa flashi ya bluu.

Pembeni mwa ukumbi kulikuwa na kompyuta ya wananchi. Kijana mmoja wa benki alikuwa ameikalia, akiandika barua isiyo na mwisho. Sabohat alikwenda akasimama karibu naye, na yule akaandika sentensi mbili zaidi kisha akaondoka. Ankara ya zamani ilikuwa ya mkuu wa zamani, haikuwa na maana tena. Hulkar aliiandika upya yote. Mkataba. Chekechea. Tarakimu kumi na saba za namba ya bidhaa, magodoro ya pamba, alizozijua kichwani kama wengine wanavyozijua namba za simu za ndugu. Mia moja na arobaini. Malihafu. Kiasi. Alikosea sifuri moja, akaiona, akaifuta. Ravshan alikuwa akihesabu dakika kwa sauti mpaka mama yake alipomtazama.

Dirisha dogo likatokea. Jina lake, la baba yake, la ukoo. *Halali*.

Hulkar alisema bismillahi, akanyoosha kidole.

"Imekwenda," alisema.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tisa. Lakini kwenda si kufika. Mstari wake ulikuwa wa njano, ukimngoja mnunuzi akubali. Alimpigia Zamira, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ravshan alisema labda anaitafuta ya jina la Baba, ameiona hii si ile akaiacha. Sabohat alikuwa amekaa kwenye benchi, lile lile, amefumba macho. Hamsini na tatu. Hamsini na tano. Hulkar aliburudisha ukurasa, njano. Akaburudisha tena, njano. Saa tisa na dakika hamsini na saba mstari ukawa kijani.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Zamira, ameishiwa pumzi, akasema umeme ulikatika ofisini kwao, amekimbilia kwa jirani na kompyuta mkononi.

"Na leo nimesoma mpaka maandishi madogo," alisema. "Hongera, mdogo wangu."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kisomo. Nyumba ilikuwa imejiandaa kwa wanawake arobaini. Mikate ilipangwa, halwa ikakorogwa, pilau ikapikwa na Ravshan uani. Walikuja kumi na watatu. Bibi msomaji alituma salamu kwamba anaumwa kichwa. Hakuna aliyesema kitu kibaya, waliokuja walikula, wakalia, wakaondoka mapema. Mabakuli ishirini na saba yalibaki safi kwenye kitambaa.

Sabohat aliyahesabu kwa macho. Alikuwa amekaa karibu na jiko, koti la Hulkar magotini, akishona ndani yake, upande wa moyo, kifuko kipya cha kitambaa. Alikata uzi kwa meno, akatia ile flashi ya bluu, akakivuta kifuko kuona kama nyuzi zinashika.

Kisha alitoa kifuko cha zamani, chenye flashi nyeusi, chini ya mto akamkabidhi Hulkar. Alisema joho lilitolewa pamoja na kila kilichokuwamo, basi kifuko nacho kirudi lilipo joho. Akafunga mikate minane kwenye kitambaa, akajaza bakuli kubwa la pilau, akalifunika.

"Upite barabara kuu," alisema. "Mchana kweupe."

Hulkar alipita barabara kuu, mbele ya duka la mikate. Hosiyat alifungua, uso ukabadilika, akauliza nani. Hulkar akasema hakuna mtu. Akampa bakuli, akampa mikate, akampa kifuko. Hosiyat alipokea, akasimama. Hakumkaribisha.

Hulkar alivua viatu vyake mwenyewe, akavipanga kando ya kizingiti, akaingia akakaa kwenye godoro. Juu ya msumari ukutani lilining'inia joho la Baba, limepigwa brashi. Hamdam alisogea kumpisha karibu na joto. Hosiyat aliosha kikombe kilichokuwa tayari safi, akakiosha tena, akaleta buli. Akamimina nusu, kama anavyomiminiwa mgeni unayetaka akae.

Hulkar alikunywa, akarudisha kikombe kiongezwe.